Jinsi ya kupunguza shughuli bila kununiwa na mtaa mzima

Ramadhani ya mwaka juzi, Idi ikiwa imebaki siku 10, nilikata gauni la bibi arusi saa 7 usiku nikapata mikono miwili, yote ya kushoto. Satini ina uso na ina mgongo. Ukisahau kugeuza karatasi ya mkono wa pili, basi tena. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha kamati ya arusi nyingine kabisa, baada ya tarawehe, ambako tulibishana saa nzima kuhusu rangi ya sare.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa kikoba, katibu wa kamati mbili za arusi, mshika daftari la upatu wa Ijumaa, na hakuna hitma mtaani ambayo sufuria la pilau halikunisubiri mimi. Nyumbani nina mume, watoto watatu na mama mkwe. Satini nyingine nilinunua kwa pesa yangu, na bibi arusi hajui mpaka leo. Asubuhi yake nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua kurasa za nyuma, nikajipima mwenyewe.

Nawe anzia hapo. Wiki nzima andika: umekwenda wapi, umetumia muda gani, nani amekutuma. Usitegemee kichwa. Kichwani mwangu kikao cha kikoba kilikuwa cha saa moja. Daftari likasema saa 3 na robo, maana kuna kuwasubiri wachelewaji, kuna kuhesabu, halafu kuna kusindikizana mpaka kona. Lakini safu iliyonitoa jasho ni ile ya tatu. Nusu ya mambo yale hakuna aliyenituma. Nilipita tu, nikaona vitunguu havijamenywa, nikaketi.

Ukimaliza wiki, chukua chaki upige mstari kwenye yale ambayo yangefanyika hata kama usingekuwepo. Msiba, mgonjwa na wazee wa nyumbani usiwaguse. Ukianza kukata huko, na mtaa utakukata wewe.

Sasa kwenye kukataa. Sisi watu wa Tanga hatukatai. Tukiombwa jambo tunasema “inshallah”, na moyoni tumeshakataa, huku mwenzio amekwenda zake kuandika jina lako. Siku ikifika unakwenda kwa haya, umenuna, na cherehani imelala. Inshallah ibakize kwa jambo uliloazimia kulifanya kweli. Kwa jambo usilolitaka, sema utakachotoa, kisha useme usichoweza, hapo hapo, na kutoa kutangulie. Mimi nilianza na shangazi yangu:

“Shikamoo shangazi. Umenipa heshima kuja kwangu. Mchele kilo 5 nitauleta Alhamisi. Jikoni siku hiyo sitakuwepo, nina nguo za watu.”

Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu, tunaongeza sababu ya pili: mtoto anakohoa, mgongo unauma. Sababu ya pili ndiyo inayojadiliwa, utaletewa na dawa ya mgongo. Shangazi aliniangalia toka juu mpaka chini, akasema, “Haya mwanangu, umekuwa mzungu.” Mchele aliupokea.

Ukiona umechanganyikiwa, jiulize: shughuli hii inataka mikono yangu au mfuko wangu? Toa kimoja. Anayetoa vyote viwili kila mara, siku akitoa kimoja ataonekana ametoa nusu.

Kuacha cheo ni kazi nyingine, hasa cha pesa, kwa kuwa ukitoka ovyo utaambiwa umekula. Usijitoe katikati ya mzunguko. Ngoja siku ya mgao, mikopo ikiwa imerudi na kila mtu amepewa hisa zake, lakini toa taarifa miezi miwili kabla. Omba kikundi kichague mtu akae ubavuni mwako vikao 4: viwili uhesabu wewe yeye akitazama, viwili ahesabu yeye. Kisanduku chetu kina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3 tofauti, kwa hiyo siku ya makabidhiano wote wawepo, pesa zihesabiwe kwa sauti, na daftari lisainiwe mbele ya wanachama. Nilipotoa ufunguo shingoni nilihisi shingo imerefuka.

Tazama pia mwaka wako umekaaje. Wangu unakwenda na miezi ya kwetu: Rajabu na Shaabani arusi zimefuatana, Ramadhani nguo za Idi, Mfungo Mosi, yaani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, arusi tena, Mfungo Sita maulidi. Nimeamua kamati moja tu kwa mwaka, na iangukie Mfungo Nne au Mfungo Tano. Mtaani kwetu wanaooa miezi hiyo ni wachache, najua. Ndiyo maana nimeichagua.

Makundi ya WhatsApp yasikusumbue. Usijitoe, kiongozi wa kundi atajulishwa na maneno yataanza. Zima mlio tu: utapewa saa 8, wiki moja au moja kwa moja, na hakuna atakayejua. Kuficha tiki za bluu hakukusaidii, kwenye makundi zinaendelea kuonekana.

Nyumbani ndiko nilikochelewa. Mwanangu wa kiume ana miaka 15 na baiskeli, kama nusu ya mji huu, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya kupigia misele. Sasa Jumamosi inakwenda soko la Mgandini na kapu. Wiki tatu za mwanzo alirudi na nyanya zilizopasuka na bamia ngumu kama vijiti. Tulizila. Usinyanyuke kwenda kununua nyingine, maana ukienda tu, kazi imerudi kwako na mtoto amejifunza kwamba kuharibu kunampumzisha.

Muda ukirudi, uupe kazi siku hiyo hiyo, la sivyo wengine wataupa. Wangu nimeulaza. Kati ya Adhuhuri na Alasiri, jua likiwa kali na hata ushonaji wenyewe jasho linadondokea kitambaa, natandika mkeka, narudishia mlango, nateremsha pazia. Mwanzoni mama mkwe alikuwa akiniamsha kila ikipigwa hodi. Sikumwambia neno. Mwezi wa tatu nikamsikia kibarazani, akimjibu mtu:

“Fundi amelala. Pita baada ya Alasiri.”