Kuhamishia Hesabu za Duka Kwenye Wingu

Mwenye duka la jumla huko Kamukunji anayetaka kuachana na seva (kompyuta inayotunza hesabu zake) iliyo chini ya meza na kuhamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, aanze kwa kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata nzima, kisha aifungue katika kompyuta nyingine, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haifai kutegemewa.

Baada ya hapo achague data itakaa wapi. Amazon, mojawapo ya kampuni zinazokodisha huduma za wingu, ilifungua vituo vyake vya data vya Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2020, lakini ukaribu kwenye ramani si hoja. Apime mwenyewe, akiwa dukani saa za kazi, muda ambao kila kituo huchukua kujibu. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi za wateja nje ya Kenya, kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi.

Ankara za huduma hizi mara nyingi huja kwa dola, nazo hupanda kimyakimya (hili ndilo huwaumiza wengi), hivyo siku ya kwanza aweke tahadhari ya matumizi, yaani ujumbe wa kumwonya gharama zikifika kiwango alichopanga. Intaneti ya akiba ni lazima. Mfumo wa zamani usizimwe mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zilingane kwenye mifumo yote miwili.