Shule kubwa ya serikali England: namna ya kumpatia mwanao kilichomo

Mzazi mwenzangu uliyehamia England na mtoto wa miaka 11 au zaidi, shule atakayopangiwa huenda ikawa na wanafunzi elfu moja na mia tano. Haina mtihani wa kuingilia wala ada. Watu watakutisha kwamba mtoto atapotea humo. Mimi ni msaidizi wa walimu katika shule ya namna hiyo, kitengo cha watoto waliokuja Kiingereza kikiwa bado kinawasumbua, na ninachokiona kila muhula ni kwamba mambo mazuri yamejaa tele, ila huanza kupata mwenye kuuliza. Mzazi mkimya hafuatwi nyumbani.

Shule hizi za kupokea watoto wote, ziitwazo comprehensive, zilienea baada ya mwaka 1965, serikali ilipotoa waraka namba 10/65 wa kuzitaka halmashauri ziache kuwagawa watoto kwa mtihani wa miaka 11. Zile za kuchagua kwa mtihani hazikufutika, zimebaki 163 England nzima, lakini watoto walio wengi wanasoma hizi za wote. Usitishwe na majina: nyingine zinaitwa academy, nyingine high school, na bado ni shule ya bure inayopokea kila mtoto. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya England tu.

Kuingia si kazi ngumu. Anayeanza Mwaka wa 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, huombewa kwenye kaunsili (halmashauri) ya unakoishi kabla ya tarehe 31 Oktoba, majibu hutoka tarehe 1 Machi. Ukifika katikati ya mwaka, uliza kaunsili utaratibu wa maombi ya katikati ya mwaka. Shule ikikukatalia, una haki ya kukata rufaa, na barua ya kukataliwa lazima ikueleze namna ya kufanya hivyo. Jaza shule kadhaa kwenye fomu. Kujaza moja tu hakukuongezei nafasi ya kuipata.

Sasa watu. Shule ina wafanyakazi zaidi ya mia, na wewe unahitaji kuwajua watatu.

Wa kwanza ni mwalimu wa darasa, yule anayeita majina asubuhi. Huyu ndiye wa mambo madogo: kitabu kimepotea, mtoto anakaa peke yake wakati wa chakula. Wa pili ni mkuu wa mwaka, anayesimamia watoto wote wa rika hilo. Uonevu, utoro na ugomvi vinaishia kwake, na ukimwandikia, andika tarehe na kilichotokea, kwa sababu barua pepe hubaki na maneno ya getini hupotea. Wa tatu anaitwa SENCO, mwalimu wa mahitaji maalumu. Wazazi wetu wengi wanamkwepa huyu kwa kuogopa mtoto atapachikwa jina. Mimi ningekushauri umtafute mapema kuliko wote. Mtoto anayeshindwa kusoma hata kwa lugha ya nyumbani, au asiyeweza kutulia kabisa, si mtoto wa Kiingereza kibovu tu, na shule ikichanganya mambo haya mawili miaka inaondoka. Mwambie SENCO alivyokuwa akisoma kabla hamjahama. Hali ikiwa nzito, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia kaunsili kuomba mtoto apimwe kwa ajili ya mpango rasmi wa msaada, bila kungoja shule ianze. Kaunsili inatakiwa kujibu ndani ya wiki 6 kama itampima au la.

Kwenye vikao na hawa, omba mkalimani. Usimfanye mtoto mwenyewe mkalimani wa kesi yake, nimekaa kwenye vikao ambavyo mwalimu ameongea dakika nzima, na kijana akamtafsiria mama yake, “Anasema naendelea vizuri.”

Jambo linalohitaji macho yako kuliko yote ni masomo ya kuchagua. Mwaka wa 8 au wa 9 mtoto ataleta fomu. Kiingereza, hisabati na sayansi havina mjadala. Vinavyobaki anachagua, na hapo ndipo ukubwa wa shule unapofaa, kwa sababu shule kubwa inaweza kuwa na mwalimu wa drama, wa upishi, wa kompyuta, wa biashara, wa ufundi wa mbao na wa umeme, na ya watoto mia tatu haiwezi. Keti na mwanao na fomu kabla ya siku ya mwisho. Uliza anachotaka kufanya akifika miaka 16, kisha muulize mwalimu kama chaguo fulani linafunga mlango wowote. Kwa mfano, sayansi huchukuliwa kwa namna mbili: ya pamoja, inayohesabiwa kama GCSE mbili (GCSE ni mitihani ya taifa ya mwisho wa Mwaka wa 11, mtoto akiwa na miaka 16), au fizikia, kemia na biolojia kila moja peke yake, yaani tatu. Ile ya pamoja haimzuii mtu kusoma udaktari baadaye, mradi alama ziwe juu na shule ya A-Level, masomo ya baada ya miaka 16 ya kuelekea chuo kikuu, impokee. Usimsukume mtoto kwenye tatu kwa ajili ya sifa za ukweni.

Kisha uliza swali ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto ataandika karatasi ya ngazi gani ya hisabati? Ziko mbili. Alama za GCSE hutolewa kwa namba, 9 ikiwa ya juu kabisa, na 4 ndiyo ya kuvuka. Anayefanya karatasi ya chini, hata akipata kila jibu, hapandi juu ya 5. Sayansi nayo iko hivyohivyo. Kwa mtoto anayehangaika, karatasi ya chini ni uamuzi wa busara. Kwa mtoto mwenye hesabu kichwani aliyewekwa kundi la chini kwa sababu tu Kiingereza chake kilikuwa kichanga alipofika, ni hasara, na hao nawaona. Makundi yanabadilishwa. Omba apewe jaribio la hesabu tupu zisizo na hadithi ndefu, na uulize lini watapanga upya.

Mgeni wa lugha ana haki nyingine ndogo yenye faida kubwa. Katika mitihani mingi anaweza kuruhusiwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, ile ya kutafsiri neno kwa neno isiyo na maelezo. Haitumiki kwenye mtihani wa Kiingereza chenyewe. Sharti ni kwamba awe ameizoea darasani; kwa hiyo inunuliwe sasa, isisubiri mwezi wa tano wa Mwaka wa 11.

Kiswahili hakimo kwenye orodha ya masomo ya GCSE. Lakini kama mwanao alikulia Lubumbashi na Kifaransa anakijua, au anazungumza Kireno au Kiarabu, mwambie mwalimu wa lugha. Shule nyingi humwandikisha mtoto kufanya mtihani wa lugha anayoijua hata kama haifundishwi hapo, na anapata cheti kimoja zaidi kwa maandalizi machache.

Pesa. Masomo ya saa za shule ni bure kisheria. Ukiletewa barua ya safari ya wakati wa masomo yenye maneno “mchango wa hiari”, hiari ni hiari kweli: mtoto hawezi kuachwa kwa sababu wewe hukulipa, ingawa safari yenyewe inaweza kufutwa michango ikiwa haitoshi. Chakula cha mchana cha bure kiombe hata kama mtoto anasema hakitaki. Kuanzia Septemba 2026 kinazihusu familia zote zinazopokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na hata zile ambazo viza yao hairuhusu misaada ya serikali zinaweza kuomba zikiwa na kipato kidogo. Ombi hilo mara nyingi ndilo linaloiletea shule fedha za nyongeza kwa ajili ya watoto wa kipato kidogo, zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari anayestahiki. Shule lazima itangaze kwenye tovuti yake inazitumiaje. Isome, kisha uulize kama kuna sare, kikokotoo au masomo ya piano ndani yake. Mara nyingi kuna kitu.

Baada ya masomo ziko klabu: chesi, kwaya, roboti, mpira wa kila aina. Nyingi ni bure. Ile ninayoipigia debe ni tuzo ya Duke of Edinburgh, ngazi ya shaba, inayoanza karibu na miaka 14: mtoto anajitolea, anajifunza ujuzi, anafanya mazoezi, kisha analala porini kwenye hema na wenzake. Ina ada, lakini uliza kama shule ina mfuko wa kuwalipia wasioweza. Waajiri na vyuo wanaijua.

Akifika 16 hajamaliza. Sheria inamtaka aendelee na elimu au mafunzo mpaka 18, iwe A-Level, kozi ya ufundi, T Level (kozi ya kiufundi ya miaka miwili) au uanagenzi wenye mshahara. Shule inatakiwa kumpa ushauri wa kazi usioegemea upande, na pia kuwaruhusu watu wa vyuo vya ufundi waje kuzungumza na wanafunzi. Akikosa 4 ya Kiingereza au hisabati ataendelea kuzisoma huko aendako.

Matokeo ya GCSE hutoka Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti. Chukua ruhusa kazini siku hiyo mwende pamoja asubuhi, kwani walimu wanakuwepo, simu za vyuo zinapokelewa, na aliyekosa nafasi yake ya kwanza anaweza kutafutiwa nyingine siku hiyohiyo.