Namna ya kupata leseni ya redio amatere ya Marekani nawe uko Lubumbashi

Batu mingi baniuliza kama lazima uwe Mmarekani, ao ukae kule, ndipo upate leseni yao ya redio amatere, ile ya batu kusemezana hewani kwa kupenda tu, hapana kwa biashara. Hapana. Mimi nilifanya egzame nikiwa ku nyumba, Lubumbashi, na pasipoti yangu ya Kongo. FCC, benye kutoa leseni, banakatalia tu mutu mwenye kuwa mujumbe wa serikali ya inje. Ila banaomba adresi ya posta mu Marekani, na njo fasi batu banakwama.

Kwa hiyo anza na adresi, kitabu kitafuata. Mimi nilimuomba yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, mwenye kukaa kule. Umuelezee muzuri yule utamuomba kama barua ya FCC inaweza fika kwake siku yoyote, asiirudishe ku posta. Nilimupigia yaya mara mbili nzima juu ya namba ya nyumba tu, na sijutii.

Kisha fungua konti ku saiti ya FCC yenye banaita CORES, uchukue FRN, ni namba ya tarakimu 10 yenye FCC banakutambua nayo. Itakuuliza namba ya sosho sekyuriti, kama hauna kuko fasi ya kusema wewe ni mgeni, chagua pale, usitie namba ya mutu mwingine hata ya ndugu. Imeili uweke ile unafungua kila siku, juu imeili ya FCC ikirudi kwa sababu uliandika adresi ya imeili mubaya, leseni inaweza kufutwa.

Egzame ya kwanza inaitwa Technician: maswali 35, ukipata 26 umepita. Maswali yote na majibu yake iko wazi, ku saiti ya HamStudy unafanya mazoezi bure. Shida yetu siye benye kusoma mu Kifaransa ni Kiingereza. Usikariri tu, shika kitu na mikono. Kwa mfano urefu wa wimbi: 300 ugawe kwa megahezi (kipimo cha masafa ya redio), unapata mita. 300 kwa 146 inatoka mita 2 na kidogo, njo maana bendi ile banaiita ya mita 2, na robo yake ni karibu nusu mita. Nilikata waya wa urefu ule nikautundika ku ukuta juu ya meza, kila asubuhi nauona, na swali la namna ile halikunishinda tena.

Kuko timu za kufanyisha egzame kwa video, zingine zinalipisha kidogo, zingine hapana. Batahini batatu banakuangalia, unaonyesha pasipoti, unazungusha kamera banaona kuta, chini ya meza, kila fasi, na meza ibaki tupu. Uangalie saa: kule ikiwa mangaribi, kwetu ni usiku wa manane. Mara yangu ya kwanza umeme ulikatika katikati, modemu ikazima, egzame ikaishia pale. Iliniuma sana juu nilikuwa nimefika swali la 20 na kitu. Nilirudia kisha wiki mbili, modemu ikiwa ku batri ya gari na mega za kampuni ya pili ziko mu simu, nikapita. Tayarisha hiyo mbele, usingoje ikupate.

Ukipita, FCC banakutumia imeili ya kulipa dola 35, na uko na siku 10 tu za kulipa, kwa hiyo kadi ya benki ya kulipia ku intaneti iwe tayari, ao yaya akulipie. Leseni inadumu miaka 10 na unaipakua mwenyewe.

Sasa sikieni muzuri hapa, bandugu: leseni ile haikupe ruhusa ya kurusha sauti hewani kutoka Kongo. Jina la redio (herufi na namba za kutambulisha kituo) la kwetu linaanza na 9Q, na ruhusa ni ya ARPTC, benye kusimamia posta na telekomunikasyo mu Kongo. Usinunue redio ukaanza kuita na jina la redio la Kimarekani juu ya paa yako, na toki-woki bila karatasi inaweza kukutia mu matatizo makubwa na baaskari. Nenda kwanza ARPTC uulize. Ukingoja, kuko EchoLink, programu ya redio amatere kupitia intaneti: unatuma kopi ya leseni, banakuhakikisha, kisha unasema kupitia simu yako na sauti inatoka ku ripita ya kule, mashine yenye kupokea sauti na kuirusha tena hewani. Usiku wangu wa kwanza ku EchoLink nilisikia mutu anarudisha jina langu la redio, herufi moja moja, polepole, nilimuamsha bibi yangu asikie naye.