Kurudia nyama baada ya miaka mingi ya kula mboga

Usianze na nyama choma. Tumbo halijasahau kumeng'enya nyama, kwani hata maharage yana protini. Kinacholemea ni mafuta na wingi. Siku 3 za kwanza kunywa supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, kikombe kimoja mchana. Kisha samaki: kipande cha changu au sato cha gramu 50 hivi, upana wa vidole viwili, kilichochemshwa kwa ndimu, nyanya na tangawizi. Kikikaa vizuri, wiki ya pili jaribu kuku asiye na ngozi.

Ng'ombe aje mwisho. Chukua steki, katakata vipande vidogo, chemsha kwa moto mdogo saa moja na nusu, hadi nyuzi za nyama ziachane ukizigusa kwa uma. Nyama ngumu watu huimeza bila kuitafuna sawasawa, ndiyo maana tumbo hujaa hadi usiku.

Kosa kubwa ni kuondoa maharage na mchicha sahanini. Nyama haina nyuzinyuzi za mimea zinazolainisha choo. Bila hizo choo kitakuwa kigumu. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, wahi hospitali.