Kuwapeleka watoto kwenye bustani za burudani Dubai bila kukopa: hatua kwa hatua

Somo hili ni la wazazi walioko Tanzania ambao watoto wao wamekwisha kuyaona mabembea ya Dubai kwenye simu, na sasa kila jioni wanauliza tutakwenda lini. Nimekwenda huko mara mbili na familia yangu, safari ya kwanza kwa pupa na ya pili kwa kalamu na karatasi. Ya pili ilitugharimu fedha pungufu, na furaha ya watoto ikawa kubwa zaidi, kwa sababu ya mambo mawili niliyoyapuuza mwanzoni: tarehe ya kwenda na urefu wa watoto. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hayo mawili, na mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya kwanza: tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Likizo ya katikati ya mwaka kwa shule za Tanzania Bara huanza mwanzoni mwa Juni. Dubai mwezi huo inawaka; joto la mchana hupita nyuzi 40, watalii wa Ulaya waliokimbia baridi ya kwao wamekwisha rudi, na hoteli hushusha bei ili vyumba visilale vitupu. Wazazi wengi wakisikia hivyo huahirisha safari hadi Desemba, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Desemba hali ya hewa ni nzuri kweli, lakini dunia nzima inalijua hilo, na bei ya chumba kile kile pamoja na tiketi ya ndege ile ile hupanda kwa namna itakayokufanya ukae chini kwanza.

Isitoshe, shule za Dubai hufungwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo watoto wetu wanapokuwa likizo mwezi Juni, wenzao wa huko bado wako darasani. Hapo mzazi wa Kitanzania anapata majuma matatu hivi ambayo hoteli ni nafuu na foleni ni fupi kwa pamoja, na sijui msimu mwingine unaotupa vyote viwili. Ndani ya majuma hayo, siku za bustani ziwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki katika Umoja wa Falme za Kiarabu ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa watumishi wa serikali hufanya kazi nusu siku. Wanaoijua Dubai ya zamani bado huwashauri watu waikwepe Ijumaa peke yake, kwa sababu zamani hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mapumziko.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Idi el-Haji hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na mwaka 2025 iliangukia Juni 6, katikati kabisa ya majuma ninayoyasifu. Siku za Idi bustani hufurika. Mwezi wa Ramadhani saa za kufungua na kufunga hubadilika, hivyo zihakiki kabla ya kulipa.

Hatua ya pili: wapime watoto, ndipo uchague bustani

Msimamishe mtoto pekupeku, visigino vikigusa mhimili wa mlango, weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa chake, chora mstari kwa penseli chini ya kitabu, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani. Andika sentimita alizonazo, wala usizikuze kwa mapenzi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Katika safari ya kwanza tulilipia bustani moja kwa ajili ya bembea moja tu ambayo mwanangu wa kwanza alikuwa akiiota miezi sita. Alikuwa na sentimita 116, na bembea ilitaka 120. Mhudumu alimsimamisha kwenye ubao, akalaza kiganja kwenye mstari, kikabaki kikining'inia hewani juu ya kichwa chake kwa kama vidole viwili hivi. Mtoto akakaa kwenye benchi akiwa ameushika mkoba wa baba yake, akiwatazama watoto wengine wakipanda. Tiketi haikurudishwa, na haikustahili kurudishwa. Masharti yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo na mimi sikuyasoma.

Kila bustani huweka masharti ya urefu wa kila bembea kwenye tovuti yake. Yasome ukiwa na ile karatasi ya vipimo mkononi, na uhesabu ni mabembea mangapi kila mtoto anaruhusiwa kupanda.

Kwa mwezi Juni, kigezo kinachofuata ni paa. IMG Worlds of Adventure, iliyofunguliwa Dubai mwaka 2016, yote iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Warner Bros. World ya Abu Dhabi, mji jirani, iliyofunguliwa Julai 2018, nayo iko ndani, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi familia yenye watoto wa rika mchanganyiko. Ferrari World, jirani yake kwenye kisiwa cha Yas, imekuwepo tangu 2010 na sehemu kubwa iko chini ya paa jekundu. Humo mna Formula Rossa, treni inayofikia kilomita 240 kwa saa kwa muda usiofika sekunde tano, ambayo hutaka mtu awe na sentimita 140. Kama huna kijana wa urefu huo, utakuwa unalipia sifa ya treni ambayo hakuna mtoto wako atakayeipanda. Legoland Dubai imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12 na ni nzuri sana kwa wadogo, lakini sehemu yake kubwa iko wazi, hivyo Juni nenda tu ikiwa utaiunganisha na bustani yao ya maji.

Chagua bustani moja, au mbili zikiwa upande mmoja. Zilizoko Yas huuzwa pia kwa tiketi za pamoja. Kuchanganya ya Jebel Ali, upande wa Dubai iliko Legoland, leo na ya Yas kesho huku mnalala Deira, mtaa wa zamani wa Dubai, ni kutupa fedha barabarani.

Hatua ya tatu: pasipoti na viza

Kila mtoto anahitaji pasipoti yake na viza yake, hata anayenyonya. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Viza ya utalii hutolewa ya siku 30 au 60, nayo huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Siku hizi mwombaji huweza kutakiwa aonyeshe tiketi ya kurudi na mahali atakapolala. Usilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla viza haijatoka.

Hatua ya nne: ndege na malazi

Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hutumia takriban saa tano na nusu. Zinazopitia Nairobi au Addis Ababa mara nyingine ni nafuu, lakini jumlisha chakula cha uwanjani na uchovu wa watoto kabla ya kushangilia. Kumbuka kwamba kwa mashirika mengi mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, na anayetimiza miaka 12 huhesabiwa mtu mzima. Aliye karibu na siku ya kuzaliwa asafiri kabla haijafika.

Kwa malazi, Deira ndiko kwetu: hoteli za nyota mbili na tatu karibu na vituo vya treni vya Union na Al Rigga, migahawa ya bei ndogo, na si ajabu kusikia Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofunga mizigo. Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haina ada ya utalii, ambayo hutozwa kwa kila chumba kila usiku, dirhamu 10 kwa hoteli ya nyota mbili au tatu na dirhamu 20 kwa ya nyota tano. Hoteli nyingi pia huomba dhamana mnapofika. Hurudishwa mnapoondoka, lakini lazima uwe nayo, na ikikukuta bila salio, usiku wa kwanza utakuwa mgumu.

Hatua ya tano: usafiri wa mjini

Hapa nitaonyesha hesabu, kwa sababu watu hufuata mazoea. Kadi ya Nol ya rangi ya fedha, ya kulipia nauli ya treni na basi, huuzwa dirhamu 25, na ndani yake mna salio la dirhamu 19. Kila abiria awe na yake, isipokuwa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao hawalipi. Nauli ya treni ni dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, na 7.50 kwa zaidi ya hapo. Pasi ya siku nzima ni dirhamu 20. Kwa hiyo ukienda na kurudi mara moja tu, hata kwa safari ndefu, utatumia 15, na pasi itakuwa imekupunja dirhamu 5 kwa kila kichwa. Kwa upande mwingine, familia ya watu wanne ikienda mwendo mfupi wa kanda moja hulipa dirhamu 12 kwenye treni, na teksi ya mwendo kama huo haizidi hapo kwa kiasi kikubwa. Kwenye joto la Juni, chukueni teksi.

Treni hazifiki kwenye milango ya bustani hizi. Uliza bustani yenyewe kama ina basi kabla ya kununua tiketi. Na ndani ya treni mtoto asile hata biskuti, kwani faini ni dirhamu 100.

Fedha ni rahisi kuhesabu kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirhamu 3.67.

Hatua ya sita: chakula

Bustani nyingi haziruhusu chakula cha nje, ingawa cha mtoto mchanga hukubaliwa. Kuleni asubuhi chapati na mayai kwenye mkahawa wa Deira, washibe hasa, kisha mnunue mlo mmoja tu ndani.

Maswali ya wazazi

Shikamoo mama. Mwanangu mdogo ana miaka miwili na nusu. Nimhesabu kwenye bajeti? (Morogoro)

Marahaba. Kwenye ndege mhesabu, kwa sababu amepita miaka miwili na lazima awe na kiti. Kwenye bustani za Yas na Legoland aliye chini ya miaka mitatu huingia bure. Beba pasipoti yake hadi mlangoni, maana watoto wetu wengine ni wakubwa kwa umbo.

Sisi wa Mombasa likizo yetu ni Agosti. Je, somo hili linatufaa, dada?

Linafaa kwa sehemu kubwa. Agosti watoto wa Dubai nao wako nyumbani, hivyo zile foleni fupi za Juni msizitegemee, ila familia nyingi za wageni wanaoishi huko husafiri kwenda kwao na bei za hoteli hubaki chini. Shikeni zaidi ile kanuni ya Jumanne hadi Alhamisi, na mfike mlango unapofunguliwa.

Nasafiri na watoto peke yangu, baba yao yuko kazini Mwanza. Kuna tatizo? (Dodoma)

Beba vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na barua ya ridhaa ya baba yao, iliyogongwa muhuri na wakili. Huenda usiulizwe, lakini ukiulizwa pale uwanjani usiku hutakuwa na wakili karibu.

Tuna shemeji Sharjah, mji jirani na Dubai, ametualika tulale kwake. Si tutaokoa hoteli yote? (Dar es Salaam)

Mtaokoa, nami ningekubali. Ila barabara ya Sharjah kuingia Dubai asubuhi ni msongamano mtupu, na jioni msongamano hugeuka upande wa pili. Tokeni kabla ya saa 12 asubuhi, au mngoje hadi saa 4. Basi la kutoka Sharjah hadi Union ni dirhamu 12 kwa mtu. Na mpelekeeni shemeji chochote kutoka nyumbani, hata kama ni dagaa.

Mama mkwe atatusindikiza, ana miaka 68 na anameza dawa kali za magoti. Nifungashe tu na nguo? (Tanga)

Usifungashe kabla ya kusoma jina kwenye pakiti. Dawa zenye tramadol au kodeini zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na msafiri hutakiwa kuomba kibali mtandaoni kwa mamlaka husika ya huko akiwa na barua ya daktari. Mwombeni daktari wake barua hiyo mapema, na kama inawezekana ambadilishie dawa kwa muda wa safari. Zilizobaki zikae kwenye pakiti zake za asili, zisimwagwe kwenye kikopo kimoja kama tunavyozoea.