Ekzosi inayovuja shingoni: tafuta pete ya shaba kwanza

Pikipiki ninazoletewa hapa Mikindani nyingi ni za zamani, hasa Honda CG125. Injini bado nzima, ila pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi panavuja. Ukiachia resi kwenye mteremko inapiga pa-pa-pa, na ukiinama unaona masizi yametapakaa kwenye mapezi ya silinda. Kuhakikisha, washa injini ikiwa ya baridi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, tazama mapovu.

Kazi ngumu ni nati. Chumvi ya bahari inakula stadi, ile bolti isiyo na kichwa iliyopandwa kwenye hedi, mpaka inashikana na nati kama imechomelewa. Msimu mmoja wa korosho mteja alikuwa na haraka ya kwenda Masasi, nami nikavuta spana namba 10 ikiwa kavu. Stadi ikakatikia ndani ya hedi, na siku nzima ikaishia kwenye kutoboa. Siku hizi napaka mafuta ya kulegeza kutu jioni, naacha yalale humo, asubuhi nalegeza robo, narudisha, nalegeza tena.

Bomba likitoka, mulika tundu kwa tochi. Gasketi ya zamani, yaani ile pete ya shaba inayoziba maungio, hushikilia humo ndani, ikawa nyeusi ukadhani ni sehemu ya hedi. Kwaruza kidogo kwa ncha ya bisibisi: ukiona wekundu wa shaba, bado imo. Fundi wengi huweka mpya juu yake, na inavuja upya kabla wiki haijaisha. Ilowanishe maji ndipo uing'oe, kwa sababu baadhi ya gasketi za zamani zina asbesto. Usiisugue kavu wala kuipuliza, vumbi lake linaharibu mapafu.

Nunua mpya. Ukikosa, na ya zamani ni pete ya shaba tupu isiyopasuka, ipashe kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, kisha itumbukize majini. Shaba haiwi ngumu kama chuma; inalainika, na ikibanwa inajaza mabonde.

Tafadhali, silikoni nyekundu usiipake hapo. Moto unaotoka kwenye tundu la hedi unaiunguza, inapukutika. Ile gundi ya ekzosi inayokauka kama simenti inafaa huku nyuma, bomba linapoungana na silensa.

Wakati wa kurudisha, shikiza pete kwa grisi kidogo isidondoke. Bolti ya nyuma inayobeba silensa iache legelege. Kaza nati mbili za mbele kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, bomba likae sawa. Ndipo ukaze ya nyuma. Ukianza na ya nyuma, bomba linavutwa upande na pete inabanwa shavu moja tu.

Iache iungurume dakika 10, ipoe kabisa, kaza tena bila kutumia nguvu nyingi. Mteja akishaenda Mingoyo na kurudi, namwita nizijaribu nati mara ya mwisho.