Prague: panda na tramu, shuka kwa miguu

Wengi wakifika Prague, mji mkuu wa Czech, wanaanzia chini mjini afu wanapanda kilima mpaka kasri, wanafika juu wamelowa jasho hata hamu ya kuangalia imeisha (nami nilifanya huo ujinga). We geuza. Panda tramu namba 22 ushuke kituo cha Pohořelec, pale ni juu kuliko kasri lenyewe, kisha ni kuteremka tu: Hradčany (mtaa wa jirani na kasri), kasri, mtaa wa Nerudova, daraja la Charles, mpaka Old Town (mji wa kale) kwenye ile saa ya mnarani ya mwaka 1410, kama kilomita 3 hivi na mteremko unakubeba. Ndo njia waliyopita wafalme kwenda kutawazwa, we unaipita kinyume. Nerudova usikimbie, angalia juu ya milango utaona alama kama violini tatu au majua mawili, nyumba zilitambulika hivyo kabla ya kuwekewa namba mwaka 1770.

Inapogoma sasa: mvua ikinyesha yale mawe ya njiani yanateleza vibaya, na kama magoti yanasumbua kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Tena ikishafika saa 4 asubuhi daraja limejaa watu, picha sahau, kwa hiyo uwe kwenye tramu saa 12 na nusu. Ila muda huo kanisa la Mt. Vitus bado limefungwa, chagua moja. Na tiketi ya tramu igonge muhuri kwenye kile kimashine cha ndani, ukikutwa haijagongwa ni faini.